Kiungo ni Ahadi kwa Mteja

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vyenye tovuti, na vile vinavyofikiria kuanzisha



Nawashukuru wenyekiti, makatibu na waweka hazina mliofika, pamoja na vijana mliowaleta. Niliombwa nizungumze juu ya tovuti za biashara za vikundi. Mambo ya tovuti ni mengi na saa tuliyopewa ni moja, kwa hiyo nimechagua jambo moja tu. Ni dogo kwa umbo lakini hasara yake ni kubwa. Nalo ni kiungo.

Neno lenyewe si geni kwenu. Msomaji wa Biblia anajua viungo vya mwili, ambavyo Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari zake, jinsi kila kimoja kinavyomhitaji mwenzake. Mpishi anajua viungo vya pilau. Sasa vijana wakisema "linki" wanamaanisha kiungo cha tovuti: neno, picha au kitufe ambacho mtu akikibonyeza anapelekwa mahali pengine. Anaweza kupelekwa kwenye ukurasa mwingine wa tovuti hiyo hiyo, kwenye tovuti ya watu wengine, kwenye ramani, au moja kwa moja kwenye simu yako.

Aliyebuni mtandao wa namna hii ni Mwingereza Tim Berners-Lee, mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, Uswisi. Habari za kituo zilikuwa zimetawanyika katika kompyuta nyingi na watu walishindwa kuzipata. Dawa aliyoleta ilikuwa viungo. Ukiviondoa, kila ukurasa unabaki umefungiwa chumbani peke yake.

Kabla sijaingia katika mafundisho, niwasimulie yaliyowapata wenzetu.

VIONDO 40 AMBAVYO HAVIKUUZWA

Kuna kikundi cha akina mama wanaosuka viondo huko Ukambani. Sitakitaja jina, maana waliniruhusu kuisimulia habari hii kwa sharti hilo. Viondo vyao ni vya mkonge, vimekazwa vizuri, na mikanda yake ni ya ngozi. Kijana mmoja, mtoto wa mwanakikundi, alikuja likizo kutoka chuoni akawatengenezea tovuti bila kuwadai hata senti. Siku ya kuizindua nilialikwa. Tukasali, tukanywa chai, kijana akatuonyesha picha kwenye simu, sote tukapiga makofi. Chini ya picha palikuwa na kitufe cha kijani kilichoandikwa "Agiza". Mimi sikukibonyeza. Hakuna aliyekibonyeza.

Kitufe kile kilipeleka ujumbe kwenye WhatsApp ya yule kijana, kwa sababu wakati ule kikundi hakikuwa na simu ya kisasa. Mwanzoni oda chache ziliingia. Kijana alimpigia mama yake, na viondo vikapelekwa. Baadaye akapata kazi mbali, akanunua laini nyingine, ile ya kwanza akaiacha. Mnajua laini ikikaa muda mrefu bila kutumiwa, kampuni huichukua namba na kumpa mtu mwingine. Ndivyo ilivyokuwa. Kitufe kikabaki pale pale, kijani kama zamani, lakini sasa kilikuwa kinabisha hodi kwa mtu asiyewajua akina mama wale wala viondo vyao.

Nyumbani akina mama walisubiri. Miezi mitatu ikapita, ikawa sita. Katika mkutano mmoja mama mwenyekiti akasema, "Labda viondo vyetu vimepitwa na wakati." Wengine wakasema bei ni ya juu. Wakaipunguza, bado kimya. Mwishowe wakamwuzia broka mzigo wote kwa bei ambayo haikurudisha hata gharama ya mkonge na rangi, sembuse kazi ya mikono yao.

Halafu ikaja siku ya harambee kanisani. Mama mmoja mgeni kutoka Nairobi akaona viondo mezani, akauliza, "Kumbe ni nyinyi? Mwezi wa nne nilitaka viondo 40 vya harusi ya binti yangu. Nikabonyeza pale pa kuagiza, mtu akanijibu ati nimekosea namba. Basi nikanunua kwingine."

Mkutano uliofuata ulikuwa mgumu. Wengine walitaka mama wa yule kijana alipe faini, naye akalia mbele ya watu. Ndipo bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, akasema, "Kijana alitupa zawadi. Nani kati yetu aliwahi kukijaribu hicho kitufe?" Hakuna aliyejibu. Mimi pia nilinyamaza, kwa kuwa siku ile nilipiga makofi kama wengine.

Wapendwa, akina mama wale walishusha bei wakidhani ubaya uko kwenye kiondo. Kumbe njia ndiyo iliyokatika. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini hata chema hakijiuzi ikiwa mlango wa duka umefungwa na mwenye duka hana habari.

Ndiyo maana nasema kiungo ni ahadi. Umemwambia mteja, "Bonyeza hapa utatupata." Sasa tuone jinsi ya kuitimiza ahadi hiyo.

KIUNGO KISEME KINAKOKWENDA

Tuanze na maneno. Tovuti nyingi ndogo zina kiungo kilichoandikwa "Bonyeza hapa". Upate nini? Ni kama kibao cha barabarani kilichoandikwa "Kata kona" bila kutaja mji. Andikeni jina la kitu chenyewe: "Bei za viondo", "Agiza kwa WhatsApp", "Ramani ya kufika dukani". World Wide Web Consortium, shirika ambalo Berners-Lee aliliunda mwaka 1994 kutunza kanuni za mtandao, lilitoa ushauri wa kuacha maneno "bonyeza hapa" tangu mwaka 2001.

Sababu ziko tatu. Kwanza, mteja mwenye haraka hasomi kila neno. Macho yake yanarukia maneno yenye rangi au mstari, nayo ni viungo. Pili, wako ndugu zetu wasioona. Hao hutumia programu inayowasomea ukurasa kwa sauti, na inaweza kuwasomea viungo peke yake, kimoja baada ya kingine. Ukiwa umeandika "bonyeza hapa" mara tano, ndugu huyo atasikia hayo hayo mara tano, asijue lipi ni bei na lipi ni ramani. Tatu, mitambo ya kutafutia kama Google nayo huyasoma maneno ya kiungo ili ijue ukurasa unaoelekezwa unahusu nini.

Kwa sababu hiyo msipige mstari chini ya neno ambalo si kiungo. Mtu atalibonyeza, halitaitika, atadhani tovuti imeharibika.

Kama kiungo kinafungua faili zito, semeni mapema: "Orodha ya bei yenye picha, MB 4". Mteja ananunua bando kwa pesa yake. Kumfungulia mzigo kama huo bila kumwambia ni kumlia bando bila ruhusa.

Na tuwe wakweli. Kitabu cha Mithali kinakemea mizani ya udanganyifu. Kiungo kinachosema "Bei", kisha mtu akifika anakuta fomu ya kuandika namba yake ya simu na bei haipo, hicho nacho ni mizani ya udanganyifu.

MSHIKE MTEJA MKONO

Mteja ameona picha ya kiondo kikubwa, amekipenda. Atauliza nini? Ni pesa ngapi? Kitanifikiaje? Nakiagizaje? Basi majibu ya maswali hayo, au viungo vya kumpeleka kwenye majibu, yawe karibu na picha hiyo hiyo. Nimewahi kuona tovuti ya asali ambayo kila ukibonyeza picha ya chupa unarudishwa ukurasa wa kwanza. Nilizunguka mara tatu nikachoka, na mimi nilikuwa na nia ya kununua.

Viungo vingi mno pia ni shida. Ukurasa wenye viungo 20 ni kama steji yenye makanga 20, kila mmoja anakuvuta mkono kwenye matatu yake. Kwa kikundi kidogo kurasa nne zinatosha: Sisi ni Nani, Bidhaa na Bei, Jinsi ya Kuagiza na Kulipa, na Mahali Tulipo. Viungo vya kurasa hizo vikae juu ya kila ukurasa, kwa mpangilio ule ule, ili mtu asipotee popote alipo. Tena viachane kidogo. Wengi hutufikia kwa simu, na kidole cha mkulima si ncha ya kalamu. Viungo viwili vikibanana atabonyeza asichokitaka.

Juu ya mahali tulipo, vijiji vyetu havina majina ya mitaa wala namba za nyumba. Kiungo cha ramani kinasaidia sana. Mmoja wenu aende akasimame mlangoni pa duka au karakana, afungue ramani kwenye simu yake, aweke alama hapo, anakili kiungo chake na kukiweka kwenye tovuti. Hata hivyo andikeni pia kwa maneno: ukishuka sokoni upite wapi, uone kanisa gani. Si kila mgeni ana bando la kufungua ramani.

VIUNGO VYA SIMU: HESABUNI TARAKIMU

Hapa pana makosa mengi, kwa hiyo nitakwenda polepole. Mwenye kalamu aandike.

Kiungo cha WhatsApp huanza na wa.me, kisha alama ya mkwaju, kisha namba ya simu. Namba hiyo huanza na 254, ikifuatwa na zile tarakimu 9 zinazokuja baada ya sifuri ya mwanzo. Sifuri yenyewe inaondolewa. Alama ya kujumlisha haiandikwi, wala nafasi haziachwi katikati. Jumla ni tarakimu 12. Mkihesabu mkapata 13, mara nyingi ni sifuri ile iliyosahauliwa ndani.

Kiungo cha kupiga simu ya kawaida huanza na tel na nukta mbili, kisha +254 na tarakimu zile zile 9. Hapo alama ya kujumlisha inatakiwa. Cha barua pepe huanza na mailto na nukta mbili, kisha anwani.

Namba yenyewe pia iandikwe ionekane kwa macho. Aliye kwenye kompyuta ya ofisi hawezi kupiga simu kwa kubonyeza tu, na mwingine anataka kumwandikia jirani yake kwenye karatasi.

Kuhusu malipo, watu wetu wamezoea M-Pesa tangu mwaka 2007. Andikeni namba ya kulipia pamoja na jina ambalo mteja atalisoma kwenye simu yake. Akiona jina lingine, atajua kuna kasoro kabla pesa hazijapotea. Na muwaambie wateja wenu wazi kwamba kikundi hakitawatumia kamwe kiungo cha kuandika PIN. Atakayewatumia kiungo kama hicho kwa jina lenu ni mwizi.

WANAOTULETEA WAGENI

Hadi sasa nimesema juu ya viungo vilivyo ndani ya tovuti yenu. Kuna vingine ambavyo viko kwa watu wengine na vinaelekeza kwenu. Hivyo ni mali.

Larry Page na Sergey Brin, walipokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliona kwamba mtu anapoweka kiungo cha tovuti ya mwenzake ni kama anamtolea ushuhuda. Mwaka 1998 walianzisha kampuni ya Google, na wazo hilo lilikuwa moja ya nguzo zake. Siku hizi Google hutazama mambo mengine mengi, lakini ushuhuda wa viungo bado unahesabiwa. Na mashahidi hawalingani uzito. Ni kama kijana anayetafuta kazi: barua moja ya mchungaji anayemfahamu inampeleka mbali kuliko barua kumi za watu wasiojulikana.

Basi ombeni. Dayosisi au parokia yenu ina tovuti? Shule mnayoiuzia mboga, hoteli inayonunua asali yenu, shirika lililowafundisha, je? Waandikieni barua fupi yenye adabu, mkiwapa anwani kamili ya tovuti na maneno ya kuweka, kwa mfano "Viondo vya mkonge vya kikundi" na jina lenu. Hata vikundi jirani mnaweza kuelekezana, wa viondo amtaje wa asali, na wa asali amtaje wa viondo. Mteja anayependa kitu kimoja cha mikono yetu huenda akapenda na cha pili.

Lakini elekezeni kwa mtu mnayemjua. Kila kiungo cha kutoka kwenu kwenda nje ni neno lenu la kumsifu mtu. Mkimtuma mteja kwa msafirishaji aliyefunga kazi au asiye mwaminifu, lawama itarudi kwenu.

Watakuja pia watu wakisema, "Tumeni pesa, tutawapatia viungo 1,000." Kataeni. Google inakataza kununua viungo kwa nia ya kupanda juu katika orodha, na tovuti yenye mchezo huo inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa. Pesa za mzunguko hazikuchangwa kwa kazi hiyo.

KUKAGUA KILA MWEZI

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ubaya wa kiungo ni kwamba hufa kimya kimya. Ukurasa ukifutwa au anwani yake ikibadilishwa, mteja anaona namba 404, maana yake ukurasa haukupatikana. Wengi hawatawapigia simu kuwaambia. Wataondoka tu, kama wateja wa viondo.

Baada ya ule mkutano mgumu, akina mama wale waliweka utaratibu, nami nimeuchukua kwao ili uwafae na nyinyi:

1. Kikundi kina laini yake chenyewe. Simu inakaa kwa katibu. Katibu akibadilika, simu inakabidhiwa mbele ya mkutano kama kinavyokabidhiwa kitabu cha benki.

2. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, wanakikundi wawili hufungua tovuti kwa simu ambayo haikutumika kuitengeneza, wakibonyeza kila kiungo hadi mwisho. Mmoja wao lazima awe mtu asiyejua mambo ya kompyuta, maana anayejua hupita penye shimo bila kuliona.

3. Hutuma ujumbe wa kujaribu kupitia kitufe cha "Agiza", na kuandika ulichukua muda gani kujibiwa.

4. Taarifa ya viungo husomwa mkutanoni mara tu baada ya taarifa ya mweka hazina, na huingia katika kumbukumbu.

5. Ukurasa wowote haubadilishwi anwani bila fundi kuweka maelekezo yanayompeleka mtu wa anwani ya zamani kwenye anwani mpya.

Kazi yote hii, kwa tovuti ya kurasa nne, haimalizi nusu saa.

HATI YA SHAMBA

La mwisho. Jina la tovuti, lile linaloishia kwa .co.ke au .or.ke, ni kama shamba la kukodi. Hulipiwa kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja mmoja. Msipolipa, mtu mwingine anaweza kulichukua, na viungo vyote mlivyoombea kwa dayosisi, shule na hoteli vitampelekea yeye wageni wenu. Kwa hiyo liandikishwe kwa jina la kikundi na kwa barua pepe ya kikundi. Nywila zijulikane na viongozi wawili. Tarehe ya kulipia iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, pale kila mtu anapoiona.

Vijana wetu, msione kwamba tunawanyang'anya kazi yenu. Tengenezeni, tena tunawashukuru. Tunachoomba ni mtukabidhi funguo siku ile ile mnapotukabidhi nyumba.

Wengine mtapenda kujua kama yule mama wa Nairobi alirudi. Hakurudi, harusi ilikuwa imekwisha pita. Oda ya kwanza iliyopitia kitufe kipya ilikuwa ya viondo 3 tu, nayo ilisomwa mkutanoni, akina mama wakapiga vigelegele. Na kazi ya kukagua kila mwezi iliombwa na mama wa yule kijana mwenyewe. Hajawahi kukosa Jumamosi hata moja.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Je, namba ya simu iliyo kwenye tovuti yetu, kwenye kibao chetu au kwenye karatasi zetu za matangazo ni ya kikundi au ya mtu mmoja? Akihama itakuwaje?

2. Fungueni tovuti yenu sasa hivi, au ya kikundi jirani, mbonyeze kila kiungo. Vingapi vinafika vinakosema?

3. Ni watu au mashirika gani matano yanayotufahamu vya kutosha kutuelekezea wateja? Nani atawaandikia barua, na lini?

4. Biashara inapolala, huwa tunalaumu nini kwanza: bidhaa, bei, mtu, au njia? Tunajuaje?